Anza na jedwali lenye pengo

Mama mdogo ndiye mweka hazina wa kikundi cha akiba cha akina mama wauzaji sokoni hapa Arua, Uganda. Wako 12. Kila Jumamosi kila mmoja anatoa shilingi 5,000, na yeye anaandika kwenye daftari analolifunga kwa mpira ili kurasa zisichomoke. Nilimwandikia programu ndogo ya kujumlisha kwa Lua, lugha ya kuandikia programu iliyozaliwa mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro, Brazili. Ndiyo hiyo ninayowafundishia vijana mtaani kwetu. Ni nyepesi, na haina chombo kingine cha kupangia data ila jedwali. Ukilielewa jedwali, umeielewa nusu ya lugha. Tena inahesabu kuanzia 1, kama daftari lolote. Wapo wanaoilaumu kwa hilo; mimi naishukuru kila ninapokaa na mtu anayeanza.

Jumamosi hiyo mwanachama namba 4 alikuwa anauguza mtoto, hakuja. Mahali pake kwenye jedwali la michango sikuandika kitu. Kisha nikapitisha kitanzi, yaani maagizo yanayorudiwa kwa kila mchango:

for namba, pesa in ipairs(michango) do
  jumla = jumla + pesa
end

Jibu likaja: 15,000. Mama mdogo alitazama skrini, akatazama daftari, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hao wengine umewapeleka wapi?"

Wanawake 11 walikuwa wamelipa. Zilitakiwa 55,000. Lakini ipairs hutembea 1, 2, 3, na ikikuta nil, yaani mahali pasipo na kitu, inasimama hapohapo. Haipigi kelele, haitoi onyo. Kwake kazi imekwisha. Wanane waliokuwa nyuma ya pengo hawakuhesabiwa kabisa, na kila mmoja wao alikuwa ametoa pesa yake mkononi.

Nikabadilisha neno moja tu, nikaweka pairs. Hiyo hupita kila ufunguo (hapa, namba ya mwanachama) wenye thamani, pengo liwepo lisiwepo, na 55,000 ikatokea. Ila pairs haikuahidi kufuata mpangilio wa namba. Kwa kujumlisha si neno. Kwa kuwasomea akina mama orodha yao mmoja baada ya mwingine, ni tatizo. Hata alama ya # ya kupima urefu wa jedwali haitegemeki penye mapengo: kwa jedwali lile, 3 na 12 yote ni majibu halali kwa kanuni za Lua.

Ndiyo maana nasema tunawafundisha kinyume wanaoanza. Masomo mengi hufungua na jedwali la matunda: embe, ndizi, papai, nanasi. Limejaa, limenyooka, ipairs inapita bila kujikwaa, mwanafunzi anafurahi. Kisha anarudi nyumbani, anakuta data ya watu halisi, ambamo daima kuna aliyesafiri, aliyefiwa, aliyekosa. Programu inampa jibu la uongo kwa sauti ileile ya utulivu. Tumemfundisha kuliamini.

Dawa ya daftari la mama mdogo ilikuwa kumtaja kila mtu kwa namba yake:

for i = 1, 12 do
  local pesa = michango[i] or 0
  print(i, pesa)
  jumla = jumla + pesa
end

Hapa namba 4 anaonekana, na mbele yake kuna sifuri. Kwangu hilo ni jambo kubwa. Sifuri inasema mtu huyu yupo, wiki hii hakuleta. Nil haisemi lolote juu yake.

 

Siku hizi somo la kwanza la vitanzi naanza na michango 12 yenye nafasi moja tupu. Kabla hatujaendesha programu, kila kijana anapiga hesabu kwa kalamu na kuandika jibu lake kwenye karatasi. Wiki iliyopita wote waliandika 55,000. Skrini ilipoonyesha 15,000, msichana wa mbele hakuigusa karatasi yake. Alianza kusoma msimbo upya, mstari kwa mstari, mpaka kidole kikasimama kwenye ipairs.