Mhudumu Mkongwe: Hazina au Kizuizi?

Kazi ya kusaidia watu wenye ulemavu hupoteza wahudumu wake mapema. Wengi huingia, hukaa mwaka mmoja au miwili, kisha huondoka kwa sababu ya ujira mdogo, zamu za usiku au maumivu ya mgongo. Ndiyo maana aliyedumu miaka kumi na tano husifiwa bila kuulizwa maswali. Anastahili kuulizwa. Ukongwe katika kazi hii una faida ambayo hakuna mafunzo yanayoifidia, na una hasara ambayo mkongwe mwenyewe huwa wa mwisho kuiona.

Chukua mtu asiyezungumza ambaye leo amekataa chakula na anajipiga shavu. Mhudumu mpya ataandika kwenye daftari la zamu: "ana hasira". Aliyemzoea anajua kwamba huyu akikasirika huuma mkono, hajipigi shavu, kwa hiyo atamwangalia kinywani, na huenda akakuta jino limeoza. Sikio, choo kigumu, maambukizi ya njia ya mkojo, maumivu ya hedhi: haya ni magonjwa ya kila siku, lakini yakimpata asiyeweza kuyasema huitwa "tabia". Hata madaktari hunasa humo, wakiuona ulemavu na kuacha kuutafuta ugonjwa.

Kwa aliyeumia uti wa mgongo kwenye pingili ya sita ya kifua au juu yake, ujuzi huo unaweza kuokoa maisha. Kichwa kikianza kumgonga ghafla, uso ukamchemka na jasho likamtoka, huenda shinikizo la damu limepanda hadi kiwango cha hatari. Aketishwe wima mara moja, nguo na mikanda inayobana ilegezwe, kisha mpira wa mkojo ukaguliwe kama umejikunja au umeziba. Kibofu kilichojaa ndicho chanzo cha mara nyingi. Choo kilichokwama hufuata. Hali isipotulia upesi, ni dharura ya hospitali. Asiyejua humlaza chali "apumzike", na kulala kunazidi kulipandisha shinikizo.

Hapo mkongwe anashinda bila ubishi. Tatizo ni kwamba jicho lile lile linalonasa badiliko la ghafla hupitwa na la polepole. Anayepungua nusu kilo kila mwezi atakuwa amepoteza kilo sita mwaka ukiisha, na anayemvisha kila asubuhi asishtuke. Nyonga ikihama kidogo kidogo kwenye kiti mwendo, uzito wote huangukia tako moja, na siku kidonda kinapotokea kila mtu hushangaa. Mlo uliokuwa ukichukua dakika 20 sasa unachukua 45, na kikohozi baada ya maji kimekwishapewa jina la "ndivyo alivyo", wakati huenda umezaji umedhoofika na maji yanaingia kwenye mapafu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Katika kazi hii msemo huo una maana ya kitabibu kabisa. Pasipo na mgeni, vipimo vishike nafasi yake: uzito mara moja kwa mwezi kwenye mizani ile ile, muda wa mlo uandikwe, na picha ya mkao kwenye kiti kila miezi sita, kwa ridhaa ya mwenyewe, ziwekwe pamoja zilinganishwe.

Hasara ya pili ni nzito zaidi, nayo huvaa sura ya upendo. Mhudumu anajua mtu wake anapenda shati la bluu, basi humletea la bluu. Miaka inapita na hakuna aliyemwuliza tena. Baada ya shati hufuata saa ya kulala, nani aje kumtembelea, fedha zake zitumikeje. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unalisema hili wazi: kifungu cha 12 kinatambua uwezo wake wa kisheria wa kujiamulia, na cha 19 haki ya kuchagua aishi wapi na nani. Haki hizo huvunjwa mara nyingi zaidi kwa mazoea kuliko kwa ukatili.

Kuna wanaosema kwa hiyo mgeni ni bora, kwa kuwa asiyejua hulazimika kuuliza. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Kumwuliza mtu anayejibu kwa macho "unataka kuvaa nini?" ni kelele tupu. Namna ya kuuliza ni kushika mashati mawili, moja kila upande, kuyatenganisha vya kutosha, kunyamaza na kuhesabu moyoni hadi kumi, kisha kubadilisha pande na kurudia ili kuhakikisha hakuangalia kulia kwa sababu tu shingo yake huelekea kulia. Hilo la shingo linajulikana na aliyekaa naye. Mgeni huuliza sana na kusikia kidogo. Mkongwe husikia sana na ameacha kuuliza.

Halafu kuna mwili wa mhudumu mwenyewe. Wataalamu wa usalama kazini nchini Marekani wamependekeza takriban kilo 16 kuwa kikomo cha kunyanyua kwa mikono wakati wa kumhamisha mtu, tena katika mazingira mazuri. Mguu mmoja wa mtu wa kilo 90 unakaribia kiasi hicho. Kwa hiyo hakuna suala la nguvu hapa: ni ubao wa kuhamishia au mashine ya kunyanyulia. Kwa ubao, kiti huwekwa sambamba na kitanda au kwa mshazari kidogo, breki zote mbili hufungwa, kikanyagio na mkono wa kiti wa upande wa kitanda huondolewa, na akitoka kitini kwenda kitandani, kitanda hushushwa chini kidogo ya kiti. Anayehamishwa ndiye atoe ishara ya kuanza, kwa namna anayoiweza. Asivutwe kwa makwapa; bega lililopooza huteguka kirahisi. Wanaoruka hatua hizi mara nyingi ni wakongwe, kwa kuwa mashine inataka dakika tano na mikono inataka moja. Hawaumii siku hiyo, na hilo ndilo linalowadanganya.

Kuhusu ujira, ukweli hauna utamu: miaka huongeza kidogo, na ngazi ya kawaida humwondoa mhudumu kwa mtu na kumkabidhi ratiba za zamu. Wapo wanaofaa kuwa wasimamizi. Kwa wengi naona ubobezi una maisha marefu zaidi: lugha ya alama ya kugusa kwa wasioona wala kusikia, mbao za mawasiliano zenye picha au herufi za kuonyesha, mikao ya kiti, au kufundisha wapya. Lakini ubobezi ambao mwajiri haulipii ni mzigo tu wenye jina zuri, na hilo liulizwe kabla ya kujiandikisha kwenye kozi.

Je, wahudumu wahamishwe kila baada ya miaka michache? Sikubaliani. Anayeumia ni yule anayeanza upya kufundisha watu namna ya kumwosha. Afadhali wahudumu watatu au wanne kwa mtu mmoja, akiwachagua mwenyewe inapowezekana, na mpya akifanya kazi huku mkongwe amesimama pembeni amenyamaza. Mkongwe akienda likizo ya wiki mbili na simu yake ikalia kila siku, maandalizi yalikuwa mabovu. Maelezo ya kukabidhiana yaandikwe mhudumiwa akiwepo, na kila palipoandikwa "anapenda" pawekwe tarehe aliyoulizwa mara ya mwisho.