Edward Coke, korokoroni na OB yetu

Wakenya wengi tunaoishi Uingereza husifu polisi wa huku kwa adabu. Naona sifa hizo tunazipeleka pasipostahili. Anayetiwa korokoroni huku analindwa na maandishi pamoja na adhabu, na ilichukua nusu karne kuvipata.

Edward Coke, mwanasheria Mwingereza aliyepigania ulinzi huo, hakuwa malaika. Akiwa mwanasheria mkuu wa serikali alimtukana Walter Raleigh waziwazi kizimbani mwaka 1603. Alipopanda kuwa jaji ndipo alipomwambia Mfalme James kwamba mfalme hawezi kuketi na kuamua kesi mwenyewe. Mwaka 1616 akafutwa kazi, na mwishoni mwa 1621 akafungwa Tower of London kwa miezi kadhaa.

Mwaka 1627 mabwana watano walifungwa kwa kukataa kumkopesha Mfalme Charles I pesa kwa lazima. Wakaomba habeas corpus, yaani amri ya mahakama inayomtaka anayemshikilia mtu amlete mbele ya jaji na kueleza sababu. Mkuu wa gereza akajibu: nawashikilia kwa amri maalum ya mfalme. Kosa halikutajwa, na majaji wakawarudisha ndani. Coke, sasa mbunge wa miaka 76, akawa mstari wa mbele kupigania Ombi la Haki: asifungwe mtu bila kutajiwa sababu. Tarehe 2 Juni 1628 mfalme alijibu kwa kuzungukazunguka. Bunge likagoma, na tarehe 7 akakubali. Mwaka uliofuata akawafunga wabunge tena, maana Ombi halikumwekea mlinzi wa jela adhabu yoyote.

Meno yalikuja na Sheria ya Habeas Corpus ya mwaka 1679, Coke akiwa kaburini miaka 45. Mfungwa akiomba, apewe nakala ya hati iliyomfunga ndani ya saa 6. Afikishwe kwa jaji ndani ya siku 3 jela ikiwa umbali wa hadi maili 20, siku 10 hadi maili 100, zaidi ya hapo siku 20. Mlinzi akikaidi, pauni 100 kutoka mfukoni mwake, na zinamwendea mfungwa; akirudia, 200 na kazi anapoteza.

Kimaandishi, nyumbani tumewapita. Katiba ya 2010 inataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na ibara ya 25 inakataza haki ya habeas corpus kupunguzwa. Huku Bunge linaweza kubadilisha sheria ile ya 1679 kwa kura ya kawaida.

Kwetu mambo huharibika kaunta ya kituo. Mlinzi wa 1627 angalau alikiri anao watu. Kwetu jibu huwa "hatuna mtu huyo", jina halimo kwenye OB (kitabu cha matukio cha kituo), na familia ndiyo inayotakiwa kwanza kuonyesha kwamba polisi walimchukua. Huku, tangu sheria ya polisi ya 1984, ofisa asiyehusika na upelelezi ndiye anayefungua rekodi ya mshukiwa. Kizuizi hukaguliwa baada ya saa 6, kisha kila saa 9.

Nataka OCS (mkuu wa kituo) anayemficha mtu alipe mwenyewe, si serikali imlipie. Hadi hapo, ndugu akikamatwa andikeni saa, mahali, namba ya gari na majina ya walioona, kisha dai namba ya OB. Wakili atahitaji hayo yote kwenye hati ya kiapo ya kuomba habeas corpus.