Si kila kisima cha ubatizo kilichopotea kilitupwa

Makanisa mengi ya vijijini Uingereza yana kisa kinachofanana. Jengo la enzi za kati lilibomolewa katika karne ya 19, jipya likasimama papo hapo, na kisima cha ubatizo, yaani bakuli kubwa la mawe juu ya nguzo, walichobatiziwa mababu wa kijiji hakijulikani kilipo. Lawama huwaangukia waliojenga upya, na kabla yao Wapuritani, Waprotestanti wa karne ya 17 waliotaka kufuta mabaki ya Ukatoliki.

Lawama hizo hazikuzuka hivi hivi. Mwongozo wa ibada uliopitishwa na Bunge mwaka 1645 ulikataza kubatiza pale visima viliposimama enzi za Upapa, na parokia nyingi zikahamia kwenye mabakuli ya kawaida badala ya visima. Kisima cha karne ya 12 cha Lenton, Nottingham, kilichochongwa Kristo msalabani ubavuni, kiligeuzwa pambo la bustani ya tajiri kabla ya kurudishwa kanisani mwaka 1842. Cha Deerhurst, cha kale zaidi, kilitenganishwa: bakuli lilikutwa shambani, nguzo yake ikapatikana kwenye bustani karibu na mto Severn. Kufikia mwaka 1877 hasira dhidi ya "ukarabati" wa makanisa ilikuwa kali kiasi cha msanii na mwandishi William Morris kuanzisha chama cha kulinda majengo ya kale.

Hata hivyo, mashtaka haya hayawatendei haki watu wengi wasioweza tena kujitetea. Wanaakiolojia wamefukua visima vya kale, vizima au vipande, chini ya sakafu za makanisa, vingine chini kabisa ya kisima kilichovirithi. Jiwe zito namna ile halijifichi lenyewe mahali kama hapo. Kuna watu walichimba shimo, wakalilaza, wakalifukia, kisha wakaweka jipya juu yake.

Tukumbuke jiwe hilo lilikuwa nini kwao. Maji yalibarikiwa mkesha wa Pasaka yakakaa humo muda mrefu, ndiyo maana bakuli lilitandikwa madini ya risasi kwa ndani. Mwaka 1236 Askofu Mkuu Edmund wa Canterbury aliagiza visima vifunikwe na kufungwa kwa kufuli, kwa hofu kwamba maji yangeibwa kwa ajili ya uchawi. Ukitazama ukingo wa kisima cha zamani, mara nyingi utaona alama za jambo hilo: pande mbili zinazokabiliana zimebanduka au kuzibwa kwa kipande cha jiwe jingine, pale vyuma vya kufuli vilipong'olewa. Chini ya bakuli kuna tundu la kupitisha maji yaende moja kwa moja ardhini, yasimwagwe uani yakakanyagwa. Kama maji yenyewe yalirudishwa ardhini kwa heshima, bakuli lililoyabeba lingepelekwa wapi likichakaa? Msomaji wa pwani aliyeshuhudia msahafu chakavu ukizikwa badala ya kutupwa jalalani ataelewa bila kuelezwa sana.

Ndiyo maana orodha za visima "vilivyopotea" zinanisumbua. Kilichovunjwa kwa nyundo, kilichouzwa na kilichozikwa kwa adabu vyote vinaandikwa kwa neno hilo moja, kisha jumla yake inatumika kama ushahidi wa uharibifu. Kila kisima kilichozikwa kinahesabiwa dhidi ya waliokizika. Wala si kila aliyejenga upya alidharau ya kale: Wareham, Dorset, ukumbi mkuu wa ndani ya kanisa ulijengwa upya miaka ya 1840, lakini kisima chake cha risasi chenye sanamu za mitume kimo hadi leo.

Wanaotaka kila kinachopatikana kitolewe na kuonyeshwa wana hoja nzito. Uchongaji kama ule wa Lenton ukibaki udongoni, hakuna atakayejifunza kitu kutokana nao, na mimi ningekuwa wa kwanza kuomba utolewe. Bakuli tupu lisilo na nakshi ni suala jingine. Hilo lipimwe, lichorwe, lipigwe picha, kisha lifukiwe palepale.

Mafundi wanaoweka mabomba ya kupasha joto chini ya sakafu ndio wanaoweza kuyakuta mawe haya sasa, na haraka yao inaeleweka. Lakini kabla jiwe halijanyanyuliwa, iandikwe lilielekea upande gani, lilikuwa kifudifudi au wima, na lilifunikwa na nini. Likishatolewa bila kumbukumbu hizo, hatuna tena namna ya kujua kama lilizikwa au lilitupwa.