Hoja 31 za Ukaguzi na Benki Moja Iliyoanguka

Silicon Valley Bank ya California ilipofungwa tarehe 10 Machi 2023, wengi walisema wadhibiti walikuwa wamelala. Sikubaliani nao. Ripoti ya Benki Kuu ya Marekani, iliyotolewa mwezi uliofuata na makamu mwenyekiti wake wa usimamizi wakati huo, Michael Barr, inaonyesha kuwa benki hiyo ilianguka ikiwa na hoja 31 za ukaguzi ambazo hazijafungwa, yaani kasoro ambazo wakaguzi walitaka zirekebishwe. Katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa, mweka hazina mwenye hoja tatu tu angekuwa ameshanyang'anywa daftari.

Tatizo lenyewe halikuwa fumbo. Amana za kampuni changa za teknolojia zilipofurika, benki ilinunua hatifungani (hati za mkopo zenye riba isiyobadilika) za muda mrefu wakati riba iko chini mno, na riba ilipopanda kwa kasi mwaka 2022 thamani ya hatifungani hizo ikaporomoka. Hesabu za ndani zilipoonyesha kwamba kikomo cha hatari kimevukwa, wakuu wa benki walibadilisha makadirio mpaka jibu likawapendeza. Wakaguzi waliibua hoja ya hatari ya riba Novemba 2022 na kupanga kuishusha benki daraja, lakini ikaanguka kabla uamuzi haujakamilika. Tarehe 9 Machi peke yake wateja walitoa dola bilioni 42. Maombi ya dola bilioni 100 yakawa yanasubiri kesho yake.

Wengine wanailaumu sheria ya Marekani ya 2018, iliyoinua kiwango cha mali cha benki zinazobanwa zaidi kutoka dola bilioni 50 hadi 250. Lawama hiyo ina uzito, kwani mtendaji mkuu wa Silicon Valley Bank, Greg Becker, aliliomba Baraza la Seneti mwaka 2015 kiwango kiinuliwe, na baadaye akaketi kwenye bodi ya tawi la Benki Kuu la San Francisco, yaani ofisi iliyoikagua benki yake. (Bodi hiyo haishiriki ukaguzi, lakini mkaguzi naye ana macho.) Hata hivyo, sheria haikuwafunga mikono wakaguzi. Wao wenyewe walieleza kwamba walishinikizwa kupunguza mzigo kwa benki na kukusanya ushahidi mzito kabla ya kufikia uamuzi wowote.

Ndiyo maana sishawishiki na wanaodai kanuni mpya tu. Ningetaka kila hoja iwe na tarehe ya mwisho, na ikipita, benki izuiwe kugawa gawio na bonasi bila kusubiri kikao kingine.