Ukucha wa fundi na sindano ya kifaa: nani asikilizwe kwenye panga la feni lililotumika?

Kwenye gereji moja hapa Dodoma, upande wa Kizota, yupo fundi anayekagua feni ya turbo, kile kifaa kinachoisukumia injini hewa, kwa ukucha. Anaifuta kwa kitambaa chenye dizeli, anaigeuzageuza kama mtu anayechagua embe, halafu anapitisha ukucha wa kidole gumba ukingoni mwa panga, yaani bawa moja la feni, pale hewa inapoanza kuligusa. Ukucha ukikwama, anatikisa kichwa. Siku moja kijana aliyetoka chuo akaja na kifaa cha mkononi chenye sindano ya almasi, akakiburuza juu ya panga lile lile, akatoa namba. Fundi akasema panga limekwisha. Kijana akasema namba iko vizuri. Mwenye lori akawaacha wakibishana, akaenda kula.

Namba yenyewe inaitwa Ra. Ni wastani wa jinsi uso unavyopanda na kushuka kutoka mstari wa kati, kwa mikromita, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Hewa inayopita juu ya panga ina utando mwembamba unaokwenda polepole karibu na chuma. Vinundu vikifichwa na utando huo, hewa haina habari navyo. Vikichomoza, msuguano unaongezeka na kompresa, yaani sehemu inayokandamiza hewa, inahangaika zaidi kusukuma hewa ile ile. Kwenye mitambo ya umeme wa gesi kama ya Kinyerezi, Dar es Salaam, kompresa hula zaidi ya nusu ya nguvu inayotoka kwenye tabini, yaani magurudumu yanayozungushwa na gesi moto, kwa hiyo hata hasara ndogo hapo inaonekana kwenye gesi inayochomwa. Na sisi huku kwetu kiangazi ni vumbi. Chembe za kwatzi, madini yaliyojaa kwenye mchanga, zina ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, ambacho mwisho wake ni 10. Alumini ya feni ya turbo haifiki 3, na hata titani ya mapanga ya mbele kwenye injini za ndege iko karibu na 6.

Kifaa kina hoja nzito: kinaandikika. Ukisoma leo na mwenzako akasoma mwezi ujao mahali pale pale, mnaweza kulinganisha. Ukucha wa fundi, hata uwe hodari vipi, haubandikwi kwenye daftari, na siku akistaafu anaondoka nao.

Ila fundi naye ana hoja kubwa kuliko anavyojua. Ra ilizoeleka kwenye nyuso mpya zilizotoka kwenye mashine, ambako mparuzo, yaani ule ukwaruzaji wa uso, unafanana kila mahali. Panga lililotumika halina tabia hiyo. Ukingo wa mbele umechimbwa na mchanga, mgongoni kuna masizi na mafuta yaliyoganda, na nyuma kidogo unakuta sehemu inang'aa kama jana. Fikiria barabara mbili, moja ina mashimo na nyingine ina matuta. Wastani wa kupanda na kushuka unaweza kuwa ule ule, lakini dereva wa bodaboda hatakubali kwamba ni barabara moja. Hewa nayo husumbuliwa na matuta kuliko mashimo. Kuna kipimo kingine, Rsk, ambacho huelekea kuwa hasi kwenye mashimo na chanya kwenye matuta. Vifaa vingi vinacho, ila watu hawakiangalii.

Halafu kuna urefu. Kwa kawaida sindano huchukua vipande vitano vya milimita 0.8, jumla milimita 4, na inataka nafasi ya kuanzia na kuishia. Ukingo wa panga dogo umejipinda kabla hujamaliza hizo milimita 4. Matokeo yake kijana alipima katikati ya panga, kwa sababu ndipo kifaa kilipokaa sawa. Fundi alikuwa akigusa ukingoni. Walikuwa wanabishana juu ya sehemu mbili tofauti! Tena masizi ni laini. Sindano inaweza kuyalima ikipita, ukasoma mfereji iliouchimba yenyewe.

Wanaotaka usahihi zaidi hukandika mpira wa silikoni juu ya panga, hubandua nakala na kuipeleka kwenye hadubini. Njia nzuri, hata kwa panga ambalo bado liko ndani ya injini. Lakini nakala inageuza kila kitu: shimo linakuwa kinundu. Ukisahau kuigeuza kwenye kompyuta, mmomonyoko utauita uchafu, na utaagiza kuosha kitu kisichooshwa.

Hata ukipata Ra safi, bado unatakiwa kuitafsiri kwa lugha ya hewa. Mwaka 1933 mtafiti Nikuradse, kule Ujerumani, alipima mabomba aliyoyabandika chembe za mchanga ndani, na mpaka leo mparuzo hutafsiriwa kuwa ukubwa wa mchanga ule. Ili kupata ukubwa huo, watafiti Koch na Smith, mwaka 1976, walizidisha Ra mara 6.2. Wengine huzidisha mara 8.9. Kwa Ra ya mikromita 2, mmoja anapata 12.4 na mwingine 17.8, kwa panga moja.

Pamoja na hayo, mimi niko upande wa kifaa, ila si kwa namna kijana alivyokitumia. Ningepima kabla ya kuosha na baada, karibu na ukingo na mgongoni, hata kwa kipande kifupi kilichoandikwa kuwa ni kifupi, na kwa mielekeo miwili, kwa sababu mikwaruzo inayofuata njia ya hewa haisumbui kama inayoikata. Ukucha ungechagua mahali pa kuweka sindano. Na kwa turbo ya lori, kusema kweli, feni iliyomeguka ncha au iliyopoteza balansi inakataliwa kabla hata hujauliza Ra; kitu kinachozunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika hakina mzaha.

Feni ile ilioshwa mchana huo. Mgongoni namba ilishuka, ukingoni ukucha ukakwama vile vile. Mwenye lori aliporudi kutoka kula akauliza inarudi kwenye gari au hairudi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo wote wawili walimwomba asubiri kidogo.