Kabla ya Kununua Kamera, Mbebee Mtu Begi

Vijana wanaotaka kupiga picha za harusi huniuliza swali lilelile: ninunue kamera gani? Nawajibu waanze kwa kumbebea begi mpigapicha anayeiheshimu kazi yake. Naamini kabisa kwamba fani hii hufundishwa harusini kwenyewe, na anayeruka hatua hiyo anajifunzia kwenye siku ambayo maharusi hawataipata tena.

Ukiwa msaidizi, cha kwanza kukijua ni mpangilio wa shughuli. Kanisani, kuvishana pete kunamalizika kwa sekunde chache, na wapo mapadri na wachungaji wasiotaka flashi wala mtu wa kuzungukazunguka madhabahuni, kwa hiyo waone mapema. Kwenye nikahi, bwana harusi na walii wameshikana mikono, maneno machache yanasemwa, "nimekubali" imeshatoka. Baada ya hapo msafara unakwenda kwa bibi harusi kumpa mkono, na asiyelijua hilo ataachwa akipiga picha za wazee barazani. Kwenye sherehe ya Wachaga, ndafu (mbuzi mzima aliyechomwa) inapoingia ukumbini kwa vigelegele, kaa mbele ya msafara. MC anayo ratiba, mwombe nakala.

Ila mwanga ndio unaostahili muda wako mwingi. Kamera hupima kila kitu kana kwamba kina weupe wa wastani. Gauni jeupe likijaa kwenye fremu, yenyewe inapunguza mwanga: gauni linakuwa kijivujivu na uso mweusi wa bibi harusi unazama gizani. Suti nyeusi huleta kinyume chake. Ndipo wengine hukimbilia kompyuta kupausha nyuso, na albamu inatoka na watu ambao hata shangazi zao wanawatambua kwa shida. Hilo linaniuma sana, kwa sababu ngozi yetu inapendeza ilivyo ikipimwa sawasawa.

Zoezi lake halina gharama. Mwombe dada yako ajitande shuka jeupe, asimame kando ya dirisha. Pima mwanga usoni, kisha punguza au ongeza kidogokidogo mpaka uso ung'ae na mikunjo ya shuka ibaki inaonekana. Rudia usiku kwa taa ya sebuleni, halafu mwambie atembee kukujia huku ukimfuata kwa fokasi, kama atakavyoingia ukumbini.

Ukumbini, elekeza flashi kwenye dari nyeupe ili mwanga urudi kwa ulaini. Dari ikiwa imefunikwa vitambaa vya zambarau, na ngozi zitakuwa zambarau. Taa za LED zikichora michirizi kwenye picha, jaribu kasi ya shata (muda kamera inaoingiza mwanga) ya sekunde 1/100 au 1/50, kwani umeme wetu ni wa hezi 50.

Kamera yenyewe inaweza kuwa ya mtumba, na lenzi ya milimita 50 yenye uwazi mkubwa wa f/1.8, unaopitisha mwanga mwingi, inatosha kuanzia. Kamera yenye nafasi mbili za kadi ni bora zaidi. Nakili picha sehemu mbili usiku uleule, kabla ya kulala.

Nina ombi moja kwa wapigapicha wenye majina. Tanga, Mombasa na Unguja kuna shughuli za wanawake pekee, wamevua mabuibui, na picha zao hazitakiwi kuonwa na mwanamume hata wakati wa kuhariri. Wanawake wanaoweza kupiga, kuhariri na kuzitunza wenyewe wanahitajika mno, lakini wasaidizi ninaowaona kwenye kumbi wengi ni wavulana. Wachukueni wasichana msimu huu, muwape kamera ya pili mkononi, na muwalipe.