Tusiishie kusoma DNA ya mbu, tupime na jeni zilizoamka

Kuna kauli inanichosha kweli, ile ya "tukishasoma jenomu ya mbu, yaani DNA yake yote, basi tumemmaliza". Jamani, jenomu ya Anopheles gambiae, mbu anayeeneza malaria, ilichapishwa tangu 2002, herufi za DNA kama milioni 278 hivi, na malaria bado inaua watoto. Kujua jeni zipo ni hatua, ila ipi imeamka na kufanya kazi, saa ngapi, sehemu gani ya mwili, hapo ndo kwenye kazi.

Mwangalie mbu jike aliyetoka kunywa damu sasa hivi, tumbo jekundu limevimba hadi kuruka anaruka kwa shida. DNA yake ni ileile ya saa moja iliyopita, haijabadilika hata herufi, lakini ndani kumechangamka, utumbo unamwaga vimeng'enya vya kusaga damu, halafu jeni ya vitelojenini iliyokuwa kimya inaamka inatengeneza protini ya kiini cha mayai, na baada ya siku mbili tatu mayai yako tayari. Hayo yote huyaoni kwenye DNA, mpaka upime RNA, ile nakala ambayo jeni huitoa ikiamka.

Usugu wa mbu kwa dawa za kuwaua nao ni hivyohivyo. Watu wanapima kdr, ile badiliko la herufi moja kwenye jeni ya mfumo wa fahamu, kwa sababu ni rahisi. Sawa, lakini kuna mbu wanaopona kwa kuzalisha kwa wingi vimeng'enya kama CYP6P3 vinavyovunja dawa ya chandarua kabla haijawadhuru, na ndo maana vikaja vyandarua vyenye PBO, kemikali inayozuia vimeng'enya hivyo. Halafu kuna miguu! Mwaka 2020 watafiti walionyesha protini moja, SAP2, imejaa kwenye miguu ya mbu sugu, yaani palepale anapogusa chandarua, inainasa dawa, na walipoizima jeni yake dawa ikarudi kuwaua.

Najua kwa nini watu wanakwepa kupima RNA. Mbu mkavu anatoa DNA bila shida lakini RNA inaoza haraka, lazima umhifadhi kwenye dawa ya kutunza RNA au baridi kali mara tu unapomkamata, na ukilinganisha mbu mzee na kijana, au aliyeshiba damu na mwenye njaa, majibu yanakudanganya. Ni kazi na ni hela. Ila mimi nasema programu za malaria ziitengee bajeti, tena kwa mbu wa porini, sio wale waliolelewa maabara miaka na miaka, maana hao wa maabara sio wanaotua kwenye chandarua cha mtoto.